Bi Mkasi na Hadithi ya Vikapu

Mtaani walimwita Bi Mkasi, na mpaka leo hakuna anayejua kama ni kwa ajili ya kazi yake au kwa ajili ya ulimi wake. Mwenyewe hakuuliza. Alikuwa fundi cherehani tangu yu msichana, na alipofikisha miaka sitini na minane bado alikuwa anakanyaga cherehani ileile ya miguu, chumba kilekile cha mbele, dirisha lilelile la kuelekea barabarani ambako kila apitaye lazima asalimie, la sivyo habari zake zitafika kona kabla yake. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako. Kikiongezeka anakwambia, tena kwa sauti, wateja wengine wakiwa hapohapo kwenye benchi.

Vipimo vya watu hakuviandika, maana kuandika alikuwa hajui. Kila mteja alikuwa na uzi wake mnene uliofungwa mafundo, fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu urefu, na nyuzi hizo zilining'inia misumarini ukuta mzima. Ukimwuliza huu wa nani, anakujibu bila kugeuka. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima aliwahi kuja kushonesha sketi, akauona ule ukuta, akamwambia, "Bibi, mbona wewe unaandika tayari." Bi Mkasi akamjibu asimame wima, apimwe.

Kwa hiyo msije mkadhani alikwenda darasani kwa kuvutwa na mwalimu. Alikwenda kwa sababu Kitinda alijiandikisha.

Kitinda ni mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao, ndiyo asili ya jina hilo la nyumbani. Aliondoka mapema, akaenda mji mwingine, akafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali miaka thelathini, mashuka asubuhi, mashuka jioni, na nyumbani akawa mtu wa kutuma salamu na miche ya sabuni. Bi Mkasi ndiye aliyebaki. Mama yao alipoanguka na kupooza upande mmoja, Bi Mkasi ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza, miaka tisa, cherehani inakwenda chumba cha mbele na mgonjwa yuko chumba cha nyuma. Kitinda akastaafu, akaja na begi moja, miezi miwili kabla mama hajafariki. Miezi miwili tu. Na siku ya maziko yeye ndiye aliyeanguka, yeye ndiye aliyeshikwa huku na huku na kupepewa, na watu wakasema maskini Kitinda, alivyompenda mama yake. Bi Mkasi wakati huo alikuwa jikoni anatafuta vikombe. Yeye hakupepewa na mtu.

Na lilikuwapo lingine, ambalo hakumwambia mtu. Katika ile miaka tisa, kila asubuhi mpaka Kitinda alipofika, akishamwogesha mama na kumvalisha na kumwegemeza kwenye mto, mama alikuwa na swali moja. "Kitinda amekuja?" Haulizi jambo jingine. Bi Mkasi anajibu, "Bado, mama," anachukua beseni lake anatoka. Hesabu mwenyewe miaka tisa ina asubuhi ngapi.

Basi mama alipokwisha kuondoka, ndugu hao wawili wakabaki na nyumba, mmoja chumba cha mbele, mmoja chumba cha nyuma, baraza la wote. Kitinda, hana kazi, akasikia kuna kisomo Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi watoto wakishatoka. Akarudi na daftari lenye jalada la kijani, akaliweka barazani karibu na chai yake. Bi Mkasi alilitazama lile daftari siku nne. Siku ya tano akafunga dirisha mapema, akaenda, akakaa dawati la mbele, magoti yamemfika kidevuni kwa udogo wa dawati, akatangaza kwamba amekuja kuona kama huyu mwalimu anafundisha sawasawa.

Walikuwa watu kumi na wanne. Kulikuwa na mlinzi wa ghala, mzee mwenye usingizi. Kulikuwa na muuza mboga, mpishi wa shule, na kinyozi mmoja mwenye maneno mengi aliyedai anajua kusoma ila miwani yake imevunjika, na alidai hivyo mwaka mzima. Kitinda akijifunza kuandika mstari mmoja, Bi Mkasi anaandika miwili. Akisifiwa Kitinda kwa mwandiko mzuri, Bi Mkasi anasema mwandiko ni kama pasi, unanyoosha tu, haushoni.

Mwaka wa pili ukawa unakwisha, mwalimu akaja na habari. Kisomo kizima, madarasa yote ya mji, kingetoa kijitabu cha kupigwa chapa, na kila darasa lingetoa andiko moja. Moja tu. Kitasomwa na watu wasiotujua, alisema. Kila mmoja aandike kurasa mbili, kisa cha kweli kutoka maisha yake au hadithi ya kutunga, achague mwenyewe. Yeye mwalimu atayasoma yote darasani kwa mdomo wake bila kumtaja mwandishi, ili watu wapime maneno na si mtu, kisha wapige kura kwa kunyoosha mikono.

Bi Mkasi alisikia neno moja tu: watu wasiotujua. Watu wa mtaani walikuwa wamekwisha kuamua nani alimpenda mama. Lakini wale wasiowajua, ambao hawakuwapo mazikoni, wao wangesoma wajue nani alibaki. Kitu hicho alikitaka mpaka chakula hakikupita. Na suala la achague hadithi au kweli halikumsumbua. Hadithi, alimwambia muuza mboga njiani, ni uongo uliotiwa marinda. Mtu aliyeishi ana haja gani ya kutunga?

Akaandika jioni sita, juu ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya chaki na vitambaa. Kitinda naye akaandika barazani, amejiinamia, na Bi Mkasi akipita anafunika ukurasa kwa kiganja. Hilo nalo likamchoma. Ana nini cha kufunika huyu? Ameishi maisha gani zaidi ya mashuka?

Andiko la Bi Mkasi lilisomwa Jumanne. Lilisema hivi, kwa kifupi, maana lilikuwa refu: Mama yangu aliugua miaka tisa. Nilimwogesha kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu. Nilimpa dawa saa mbili na saa nane na saa mbili. Nilimgeuza asipate vidonda. Hakupata kidonda hata kimoja. Sikuchoka. Nilifanya haya kwa upendo mpaka siku yake ya mwisho.

Kila neno lilikuwa mahali pake. Tarehe zilikuwapo, majina ya dawa yalikuwapo. Mlinzi wa ghala alilala kwenye dawa ya tatu. Mwalimu alipomaliza watu walisema vizuri, vizuri, uvumilivu huo ni mkubwa, kama wanaomshukuru mtu kwa kuwapisha njiani. Kinyozi, ambaye kama darasa zima alijua la nani, akageuka.

"Hukuchoka hata siku moja, bibi?"

"Hata siku moja," akasema Bi Mkasi.

Kinyozi akatikisa kichwa, akasema basi yeye akikata nywele vichwa vitano tu anachoka, na watu wakacheka, na andiko likapita hivyo.

Alhamisi ikasomwa hadithi ya vikapu. Bi Mkasi aliitambua kwa mstari wa kwanza, maana mwanamke wa hadithini alikuwa anakunja shuka pembe kwa pembe, namna ya hospitalini. Alitulia asikie uongo huo utakwenda mpaka wapi. Ilikuwa habari ya msusi wa vikapu, mwanamke mpweke, anayekaa kizingitini mwa nyumba kwa sababu ndiko kwenye mwanga. Ndani yuko mama yake, hawezi kuinuka. Mama anaita. Msusi anajibu, "Naja." Lakini ana mstari mkononi, na mstari wa kikapu ukiuacha katikati unalegea, kwa hiyo anasuka mpaka uishe. Mama anaita tena. "Naja, mama." Mstari ukiisha anaanza mwingine, si kwa sababu kikapu kinataka, ila kwa sababu akiinuka atakuwa binti tena, na hapa kizingitini, kwa mstari mmoja huu, yeye ni mtu tu aliyekaa kwenye mwanga. Ndani mama ameacha kuita. Na mwanamke anaona kwamba ule ukimya ameufurahia. Anasuka vikapu vingi maishani mwake, hadithi ilisema, na vyote vina mstari mmoja uliobana kuliko mingine.

Mpishi wa shule alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga yake bila kujificha. Muuza mboga alikuwa ameinama. Mlinzi wa ghala alikuwa macho, na hilo peke yake lilikuwa tukio.

Bi Mkasi damu ilimpanda kichwani. Ameniona. Katika ile miezi miwili amekaa nyumbani mwangu, amenivizia, ameniona pale cherehani mama akiita, na sasa ameniweka hadharani na vikapu juu, eti watu wasinijue. Akainuka, dawati likainuka naye kidogo.

"Huo ni uongo," alisema. "Mimi sikuwa nimekaa tu. Nilikuwa namalizia mshono. Kila fundi anajua, ukiacha mshono katikati kitambaa kinavuta, nguo ya watu inaharibika. Nilikuwa nasema naja, na nikimaliza naenda. Na kama nilishona na wa pili, nilishona kwa sababu ulikuwapo. Aliyeandika haya aseme mbele yangu."

Watu wakamtazama. Mwalimu akateremsha karatasi polepole.

"Bibi," alisema, "humu hakuna fundi cherehani. Humu mna msusi wa vikapu. Nani amekutaja wewe?"

Hapo ndipo Bi Mkasi alipoona alichokifanya. Alikuwa amesimama katikati ya darasa, kwa mdomo wake mwenyewe, amesema lile ambalo miaka yote hakulisema hata peke yake. Na kutoka dawati la nyuma Kitinda akasema, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika:

"Dada, huyo si wewe. Huyo ni mimi."

Akaeleza akiwa ameketi, anatazama mikono yake. Zile alasiri za miezi miwili, dada alipokuwa anatoka kupeleka nguo kwa wateja, yeye alikuwa anakaa barazani na chai. Mama anaita. Yeye anasema naja, anamaliza kikombe kwanza. Siku nyingine anamimina cha pili. "Niliona aibu kuandika chai," alisema. "Mtu amwache mama yake kwa ajili ya chai? Nikamtafutia yule mwanamke kazi ya mikono, angalau awe na sababu. Sikujua kama kuna mwenye sababu hiyo kweli."

Mwalimu akaita kura, maana ilikuwa siku yake na hapakuwa na siku nyingine. Hadithi ya vikapu ilipata mikono kumi na miwili. Kisa cha miaka tisa kilipata miwili. Mmoja ulikuwa wa Bi Mkasi, aliyeunyoosha wima kama fimbo. Wa pili ulikuwa wa Kitinda.

Huo wa pili ndio uliomwudhi kuliko yote kumi na miwili.

Walirudi nyumbani njia moja, kila mtu upande wake wa barabara. Na Bi Mkasi, ukitaka kujua, hakuwa anawaza kuhusu aibu. Aibu aliizoea, ni mgeni anayeondoka. Alikuwa na wivu. Alimwonea wivu Kitinda kwa kuulizwa na mama miaka tisa, kwa kupepewa mazikoni, kwa mikono kumi na miwili, lakini hayo yalikuwa ya zamani na yana nafasi yake. Huu wa leo ulikuwa mpya. Hata kosa langu, aliwaza, amenitangulia kulisema. Mimi nilikaa nalo miaka tisa, yeye alikaa nalo miezi miwili, na la kwake ndilo lililoliliwa. La kwangu nimelitupa pale darasani kama maji ya beseni, bila hata kulipanga.

Siku nne hakusema na mdogo wake. Chakula kikiwa tayari anagonga sufuria kwa mwiko. Jumanne alikwenda kwa mwalimu kabla ya wengine, akataka karatasi zake zirudishwe. Mwalimu akampa, akamwambia kwa upole kwamba kama anataka kuandika upya, na kama mambo ni mazito, anaweza kumtungia mtu mwingine ayabebe, kama alivyofanya mdogo wake.

"Mimi nivae nguo ya mtu?" akasema Bi Mkasi. "Yangu nitaivaa mwenyewe, hata ikinibana."

Akakaa chini. Safari hii haikuwa jioni sita, ilikuwa wiki mbili na ushee, dirisha limefungwa mchana kweupe, wateja wanagonga, wanaambiwa warudi siku nyingine. Alifumua lile andiko la kwanza kama anavyofumua gauni lililokatwa vibaya, sentensi kwa sentensi, anatazama ipi inashika na ipi imebandikwa tu. Maji ya vuguvugu yakabaki. Kati ya dawa zote ikabaki moja. Kwenye "sikuchoka" alikaa siku mbili nzima. Kisha akaikata "si" ile, akaandika "nilichoka", akainua kichwa akatazama mlango, kama mtu aliyevunja kitu nyumbani kwa watu. Baada ya hapo yakaja yenyewe. Aliniita. Nilisema naja. Nilimaliza mshono nikaanza mwingine. Kila asubuhi aliuliza Kitinda amekuja. Nilitaka siku moja aulize mimi nimekuja. Siku nyingine nilimwogesha kwa nguvu kidogo, si ya kuumiza, ila alijua na mimi nilijua.

Hapakuwa na msusi wala kikapu. Kila mahali ambapo Kitinda angeandika "yule mwanamke", yeye aliandika "mimi", na kila "mimi" ilikuwa kama kudunga sindano kwenye ngozi nene, unasukuma kwa tondoo, ile kofia ya chuma ya kidoleni.

Alipolipeleka, mwalimu alisoma amesimama, mpaka mwisho, kisha akakaa. Alisema, bibi, hili ni jingine kabisa. Alisema pia kwamba kijitabu kilikwisha kwenda kupigwa chapa tangu wiki iliyopita, na hadithi ya vikapu ndiyo iliyomo. Wale watu wasiowajua wangesoma habari za Kitinda. Bi Mkasi alitikisa kichwa mara moja, akachukua karatasi zake, akakataa kusindikizwa.

Alimkuta Kitinda barazani anachambua mchele. Akamwekea zile karatasi mapajani, juu ya ungo.

"Soma. Huyu hajatungwa."

Kitinda akapangusa vidole, akasoma, midomo inacheza, kidole kinafuata mstari. Bi Mkasi hakukaa. Alisimama mbele yake amekunja mikono akimtazama usoni, na niseme kweli, alikuwa anasubiri machozi. Mpishi wa shule alilia kwa sababu ya kikapu ambacho hakikuwapo. Huyu basi alilie mshono uliokuwapo. Lakini Kitinda hakulia. Alifika mwisho, akarudi juu, akaweka kidole mahali, akakiacha hapo.

"Kila asubuhi?" aliuliza.

"Kila asubuhi. Jina lako. Miaka tisa."

Kitinda akausoma tena mstari ule.

"Mimi ile miezi miwili," alisema, "hakuniita kwa jina langu hata mara moja. Pale nilipokuwa nakunywa chai. Alikuwa anaita 'Mkubwa! Mkubwa!' Nikiingia ananitazama, anasema, 'Si wewe. Mwite Mkubwa.'"

Mkubwa ndilo jina ambalo mama yao alimwitia Bi Mkasi, na tangu afariki hakuna mwingine aliyelitumia. Bi Mkasi akashika nguzo ya baraza. Akamwambia arudie. Kitinda akarudia. Akataka kujua ni siku gani, saa ngapi, kwa sauti gani, aliita akiwa ameegemea au amelala. Kitinda akajibu yote, moja moja.

"Na kwa nini hukuliandika?" akauliza Bi Mkasi. "Umeandika kikombe cha chai, umeandika mpaka kufurahia kimya. Hili limekushinda?"

"Nililiandika, nikalifuta." Kitinda alikuwa amerudia mchele wake, anautazama bila kuuchambua. "Nilikuonea wivu, dada. Nikaona watu wakilisoma watakupenda wewe."

Bi Mkasi aliingia ndani. Alifurahi, usidhani hakufurahi. Ilikuwa furaha mbaya, ya mtu aliyepimwa akaonekana mrefu, na aliiacha ikae kifuani bila kuifukuza. Kisha akatoka na kalamu, akanyoosha mkono apewe karatasi zake, maana kulikuwa na nafasi chini ya ukurasa wa pili na alitaka kuliongeza lile la Mkubwa sasa hivi kabla halijapoa.

Kitinda akazibana karatasi chini ya ungo.

"Hilo si lako kuliandika," alisema. "Wewe hukuwapo. Niliyelisikia ni mimi."

"Jina ni la nani?"

"Jina lako, masikio yangu."

"Utalitia marinda."

"Na wewe utalinyoosha mpaka lilale kama mlinzi wa ghala."

Bi Mkasi alikaa kwenye benchi, mara ya kwanza baada ya wiki tatu kukaa upande uleule na mdogo wake. Alifikiri. Kisha akasema haya, kila mtu aliandike kivyake, Kitinda amtungie nani sijui na visa vyake, yeye ataandika kweli tupu, halafu wampelekee mwalimu yote mawili waone watu watamlilia nani. Kitinda akasema kalamu yake imekwisha wino. Bi Mkasi akamtazama kwa muda, akavunja utepe wa kasha jipya la kalamu alilokuwa amejinunulia, akamtolea moja, akachagua ile ambayo kofia yake haifungi vizuri.